Mafuta ya Meli Yakimwagika Lamu: Mwongozo Kamili wa BMU wa Kupima Hatari na Kujiandaa

Nimekaa na BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo) kadhaa za Lamu zikiandika mpango wa kukabili mafuta ya meli, na rasimu ya kwanza hukwama mahali palepale. Ramani imechorwa vizuri, majina ya fuo yapo, halafu kila ufuo umepakwa rangi nyekundu na kuandikwa "hatari kubwa". Siku ya mafuta atakuja mtu na kizuizi kinachoelea cha mita 200 cha kuzuia mafuta, aulize akiweke wapi. Ramani hiyo haitamjibu.

Kosa la pili linatokana na hilo la kwanza. Kwa sababu hakuna aliyechagua mapema, watu hukimbilia pale mafuta yalipoonekana, wakiwa na reki, ndoo na sabuni ya unga. Wanakanyaga mikoko, wanazamisha mafuta kwenye tope, na kazi ya kurekebisha walichofanya inakuwa kubwa kuliko ya kuondoa mafuta yenyewe.

Hatua zilizo hapa chini ni za kamati ya BMU, manahodha, akina mama wanaookota pweza na chaza, na vijana wa boti. Tengeni wiki mbili, kutoka bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu) moja hadi bamvua inayofuata, ili muyaone maji yakiwa na nguvu na yakiwa maji mafu.

## Mnachohitaji

- Ramani kubwa ya eneo lenu, hata ya kuchora kwa mkono, mradi milango ya maji, mafungu ya mchanga na koko (mikono ya maji inayoingia ndani ya mikoko) zote ziwemo.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka huu.
- Simu yenye GPS na programu ya ramani inayofanya kazi bila intaneti.
- Machungwa 30 na kalamu ya wino usiofutika majini.
- Boti moja, na mafuta ya kuzunguka siku tatu.
- Daftari gumu la BMU la kumbukumbu hii peke yake.
- Chupa 6 safi za kioo zenye vifuniko vya chuma.
- Nyavu kuukuu, makumbi, kamba, chupa tupu za plastiki na minyororo au mawe ya uzito.
- Glavu nene za mpira zisizopenyeza mafuta, buti za mpira, magunia imara, turubai nzito.
- Redio ya VHF, au namba ya nahodha aliye nayo.
- Wazee wawili au watatu waliovua eneo hilo tangu ujana wao. Msianze bila wao.

## Hatua ya 1: Andikeni ni mafuta gani na yatatoka wapi

Tukisema mafuta ya meli, wengi wanawazia meli inayosafirisha mafuta. Hatari iliyo karibu zaidi na Lamu leo ni matangi ya meli ya kawaida. Tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ifunguliwe Mei 2021, meli za makontena zinaingia Ghuba ya Manda, na kila moja imebeba mafuta ya kujiendesha yenyewe. Kwa meli kubwa hayo ni maelfu ya tani.

Mauritius walijifunza kwa machungu. MV Wakashio ilipanda mwamba tarehe 25 Julai 2020 ikiwa haina mzigo wowote, na mafuta ya injini zake tu, karibu tani 1,000, yakatosha kuchafua fuo na mikoko ya upande wa kusini-mashariki wa kisiwa. Yalianza kuvuja tarehe 6 Agosti. Tangu kukwama hadi kuvuja zilipita siku 12, na kwa kijiji chenye mpango tayari hizo ni siku 12 za kazi. Meli ikikwama, anzeni siku hiyohiyo. Msingoje kuona weusi majini.

Orodhesheni vyanzo vyenu. Kwa sehemu nyingi za Lamu vitakuwa hivi:

- meli kupanda mwamba au fungu mlangoni mwa ghuba, kati ya Manda na Pate;
- mpira wa kujazia mafuta kupasuka melini ikiwa gatini;
- boti zinazopeleka mapipa ya petroli na dizeli visiwani;
- meli zinazopita mbali na kumwaga maji machafu ya chumba cha injini, ambayo kisheria hayaruhusiwi kuwa na mafuta zaidi ya sehemu 15 katika kila milioni.

Hesabuni meli, msikisie. Fungueni tovuti ya kufuatilia meli asubuhi na jioni kwa siku 14. Meli zote za safari za kimataifa zenye ukubwa wa tani 300 kwenda juu hulazimika kuwa na chombo cha kutangaza zilipo, kwa hiyo mtaziona. Andikeni jina, aina, na kama imetia nanga nje au imeingia. Boti za mapipa hazitaonekana humo. Hizo waulizeni manahodha wake ana kwa ana, wanabeba mapipa mangapi na safari ngapi kwa wiki.

Kisha mbele ya kila chanzo andikeni aina ya mafuta, maana kazi inabadilika kabisa. Petroli hupaa kwa saa chache. Hatari yake ni moto, na mtu hatakiwi kuikaribia, sembuse kuichota. Dizeli hutandaa nyembamba na sehemu kubwa hupotea kwa siku chache, lakini kwenye maji mafupi huua chaza na kaa wadogo. Mafuta mazito ya meli ni meusi, yananata na hayaondoki. Yakipigwa na mawimbi hunywa maji na kuwa ute wa hudhurungi, mzito kama uji wa wimbi, na wingi wake unaweza kufika mara tatu au nne ya yaliyomwagika.

Mmefaulu ikiwa: mna ukurasa mmoja wenye chanzo, aina ya mafuta, kiasi kikubwa kinachowezekana, na msimu ambao hatari ni kubwa.

## Hatua ya 2: Pimeni mafuta yataelekea wapi

Hapa ndipo elimu ya wazee inapozidi kompyuta yoyote, kwa hiyo msiiharakishe.

Kanuni ni fupi. Mafuta huenda na mkondo kwa mwendo wake wote, halafu huongezewa asilimia 3 ya mwendo wa upepo. Upepo wa noti 20 huyasukuma kwa noti 0.6. Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa.

Tuseme kusi inavuma noti 20 na mafuta yako mlangoni mwa ghuba. Maji yakijaa yatayaingiza ndani, yakipwa yatayatoa, na mkondo huo wa kwenda na kurudi huonekana kama unajifuta wenyewe. Upepo haurudi. Kwa saa 6 utakuwa umeyasogeza maili 3.6 za bahari, yaani kilomita 6 na ushei, kuelekea bara, na huko ndiko kuliko na mikoko. Kaskazi ikivuma hesabu ni ileile, ila mafuta yanasukumwa kusini-magharibi, na watu wa Mkanda (mlango wa maji kati ya Manda na bara) na pwani ya Manda inayotazama ghuba ndio wa kuhesabu saa.

Nje ya visiwa kumbukeni na mkondo mkubwa wa bahari. Wakati wa kusi maji yanakwenda kaskazini, hivyo mafuta yaliyomwagika mbele ya Malindi ni ya kwenu. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hushuka kusini, na uchafu wa mbele ya Kiunga huja kwa njia hiyo.

Sasa machungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo hauliburuti kama chupa tupu. Linaonyesha mkondo wenyewe. Yaandikeni namba 1 hadi 30. Siku ya bamvua tupeni 10 maji yanapoanza kujaa, 10 katikati ya kujaa, na 10 yanapoanza kupwa, pale mnapoona meli inaweza kukwama au kuvuja. Yafuateni kwa boti kwa umbali, injini polepole, mkipiga alama ya GPS kila nusu saa. Rudieni siku ya maji mafu.

Kwenye mlango mmoja mwembamba wa koko tulifanya hivi tukiwa na mzee wa malema (mitego ya samaki). Kabla hatujatupa hata moja alinyoosha kidole kwenye kona chini ya mililana mitatu (aina ya mikoko) akasema yatalala pale. Vijana wakabisha, maana mkondo wa katikati ulikuwa unakwenda upande mwingine. Baada ya saa mbili machungwa saba kati ya kumi yalikuwa kwenye kona hiyo, yamekaa katikati ya ndara za plastiki, chupa za maji na vipande vya nyavu. Zile ndara zilikuwa zimetuonyesha jibu tangu asubuhi. Mahali ambapo bahari hukusanya taka zinazoelea ndipo itakapokusanya mafuta. Pitieni fuo zenu zote mkiangalia hilo tu, na kila pembe ya taka itieni alama kwenye ramani.

Pimeni pia mwendo wa maji kwenye kila mlango wa koko: umbali kati ya alama mbili, gawa kwa muda. Kizuizi kinachoelea kikiwekwa kukingama mkondo hushindwa mara maji yanapozidi noti 0.7, mafuta yakapita chini yake. Milango mingi ya Lamu wakati wa bamvua inazidi hapo, na mtaona katika hatua ya 7 jambo hilo linavyobadilisha kazi.

Tahadhari: msifanye jaribio hili ndani ya njia ya meli au karibu na gati bila kuwaarifu watu wa bandari.

Mmefaulu ikiwa: ramani ina mishale ya kujaa na kupwa, ya kusi na kaskazi, mwendo wa maji kwenye kila mlango, na pembe za taka zote.

## Hatua ya 3: Pangeni fuo, kisha chagueni pa kupoteza

Fuo haziumii sawa. Kuanzia yenye nafuu hadi iliyo dhaifu kabisa, mpangilio ni huu:

1. Mwamba mkavu unaopigwa na mawimbi. Bahari huusafisha yenyewe.
2. Mchanga laini ulioshikana. Mafuta hubaki juu, yanakwanguliwa kwa koleo.
3. Changarawe na vifusi vya matumbawe. Mafuta huzama chini na kutoka tena kidogo kidogo kwa miezi.
4. Maji mafupi yenye nyasi bahari, na wangwa wa tope.
5. Mikoko.

Kaunti ya Lamu ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo namba 5 ndiyo sehemu kubwa ya ramani yenu. Mchu na mlilana hupumua kwa vile vimizizi vilivyochomoza kwenye tope kama penseli. Mkoko wenyewe hupumua kwa vitundu vya kwenye mizizi yake ya upinde. Mafuta mazito yakivipaka, mti unakosa hewa. Huenda usionyeshe lolote wiki ya kwanza, ukapukutisha majani baada ya miezi. Na mashimo ya kaa huyapeleka mafuta chini ya tope, kusikofika hewa, yakakaa huko kwa miaka mingi. Hakuna reki ya kuyatoa huko.

Ndiyo maana lazima mchague ufuo wa kupoteza. Nasema wazi kwa sababu hapa ndipo mipango mingi inapogeuka kuwa maneno matupu. Vizuizi havitatosha kulinda kila mahali, na mafuta lazima yatue. Yakitua kwenye mchanga mnaoufikia kwa boti, mtayaondoa kwa siku au wiki. Yakiingia kwenye koko, wajukuu zenu watakuja kuyaona.

Ufuo wa kupoteza uwe na sifa hizi: mchanga laini, karibu na pembe ambayo mafuta yataelekea yenyewe, hakuna viota vya kasa msimu huo, boti inaweza kutia nanga, na juu yake kuna ardhi kavu ya kuweka taka, mbali na kisima.

Najua ugumu wake. Katika kijiji kimoja mkutano ulivunjika mara mbili, kwa sababu ufuo uliofaa kuliko yote ulikuwa mbele ya nyumba ya wageni, na mwenyewe alisema tunamtoa sadaka yeye ili kaa wapone. Hakukosea kulalamika. Tulimaliza kwa kuandika mambo mawili ndani ya mpango: ufuo huo ndio utakaopewa wasafishaji wa kwanza na vifaa vya kwanza, na hasara yake ndiyo itakayoandikwa ya kwanza kwenye orodha ya madai. Akatia sahihi. Bila maandishi ya namna hiyo, mwenye ufuo atafanya usiku wa tukio kile ambacho yeyote kati yetu angefanya: atasukuma mafuta yaende kwa jirani.

Mmefaulu ikiwa: kwa kila msimu mna milango mitatu ya kulindwa kwanza, kwa mpangilio, na ufuo mmoja au miwili ya kupoteza, pamoja na sahihi za wahusika.

## Hatua ya 4: Pigeni hesabu ya hatari

Kila chanzo kipeni alama 1 hadi 5 ya uwezekano, na 1 hadi 5 ya madhara, kisha zidisheni. Boti ya mapipa ya petroli inaweza kupata 4 × 2 = 8. Mpira wa kujazia mafuta gatini 3 × 3 = 9. Meli kupanda mwamba mlangoni mwa ghuba 2 × 5 = 10.

Fanyeni hesabu ya kusi peke yake na ya kaskazi peke yake. Mkichukua wastani mtapata namba isiyo ya msimu wowote. Na chochote chenye madhara 5 kiandalieni mpango hata kama uwezekano wake ni 1.

## Hatua ya 5: Wekeni kumbukumbu kabla ya tukio

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari. Tangu hapo kila mvuvi wa hapa anajua kwamba kabla ya fidia linakuja swali: wewe ni mvuvi, na unaonyesha nini?

Kwa hiyo BMU iwe na sajili ya wanachama inayopitiwa kila mwaka, pamoja na wanaovua kwa miguu. Akina mama wa pweza na chaza huachwa nje ya orodha mara kwa mara, na wao ndio wa kwanza kukosa riziki mafuta yakifika ufuoni. Kila mmoja awe na daftari: tarehe, chombo, mtego, kilo, bei, nani kanunua. Hifadhini risiti za mafuta na barafu. Pigeni picha za fuo na koko kila miezi mitatu, mkisimama mahali palepale na kutazama upande uleule.

Sheria inatofautiana kwa aina ya meli. Meli inayosafirisha mafuta mazito au ghafi huangukia mikataba ya 1992, yenye mfuko wa kimataifa unaoongeza pale bima ya mwenye meli inapoishia. Meli za makontena na shehena kavu huangukia mkataba wa 2001 wa mafuta ya kuendeshea meli, na huko mfuko huo haupo. Bima ya mwenye meli ndiyo yote. Kwa aina zote mbili, madai hufa miaka 3 baada ya hasara kutokea, na kwa vyovyote vile miaka 6 baada ya tukio. Andikeni tarehe hizo kwenye jalada la daftari.

## Hatua ya 6: Taarifa ya kwanza

Atakayeona mafuta apige VHF chaneli 16, au awapigie KMA (mamlaka ya usafiri wa baharini) na Walinzi wa Pwani. Baada ya hapo afisa wa uvuvi wa kaunti, NEMA (mamlaka ya mazingira), na KWS (shirika la wanyamapori) ikiwa ni ndani ya hifadhi ya Kiunga. Namba zote ziandikwe ukutani kwenye banda la samaki, na mtu mmoja azijaribu kila miezi mitatu. Namba nyingi kwenye mipango niliyosoma zilikuwa zimekufa.

Semeni: saa, mahali kwa GPS, rangi ya mafuta, urefu na upana wa tando, upepo unatoka wapi, maji yanajaa au yanapwa, kuna meli gani karibu, na ni nani anayezungumza.

Rangi ndiyo inayosema kiasi. Kwa kilomita moja ya mraba:

- mng'ao wa fedha: lita 40 hadi 300;
- rangi za upinde wa mvua: lita 300 hadi 5,000;
- mng'ao wa metali, kama bati jipya: lita 5,000 hadi 50,000;
- weusi kamili uliotanda: zaidi ya lita 200,000.

Mfano: tando la upinde wa mvua lina urefu wa kilomita 1 na upana wa mita 200, na nusu ya eneo hilo tu ndiyo iliyofunikwa. Hiyo ni kilomita ya mraba 0.1, yaani lita 30 hadi 500. Linatisha kwa macho, lakini halizidi mapipa mawili na nusu. Eneo hilohilo likiwa jeusi ni zaidi ya lita 20,000. Anayepokea simu akijua tofauti hiyo atatuma vifaa vinavyofaa.

Chukueni sampuli mapema, kabla jua na mawimbi havijayabadilisha mafuta. Tumieni chupa za kioo, maana plastiki huharibu vipimo. Jazeni chupa mbili au zaidi, andikeni saa, mahali na jina la aliyechota, mashahidi watie sahihi, kisha ziwekeni gizani kwenye baridi. Maabara huweza kulinganisha mafuta hayo na ya tangi la meli na kusema kama ni yaleyale.

## Hatua ya 7: Saa za kwanza

Kwanza kabisa safisheni ufuo kabla mafuta hayajafika. Ondoeni mwani mkavu, ndara, magogo na chupa mpaka juu ya mstari wa bamvua. Kila kitu kitakachopakwa mafuta kitakuwa taka ya sumu ya kubebwa na kulipiwa. Saa mbili za kufagia wakati huu zinaokoa siku nyingi baadaye, nayo ni kazi ambayo watoto wakubwa na wazee wanaweza kuifanya kwa usalama. Mafuta yakishafika, wao waondoke.

Toeni malema, nyavu na vyombo majini. Simamisheni uvuvi eneo hilo, na mwandike saa mliyosimamisha.

Kisha wekeni vizuizi kwenye ile milango mitatu. Cha kujitengenezea ni bomba la nyavu kuukuu lenye unene wa sentimita 30 hivi, likijazwa makumbi au usumba, chupa tupu za kulielea, na mnyororo au mawe chini yake. Mauritius watu walishona vya majani ya miwa. Vinasaidia kwenye maji matulivu na mlango mdogo. Kwenye mkondo mkali au bahari yenye mawimbi havizuii kitu, na mafuta yakivishiba lazima vitolewe siku hiyohiyo.

Msikikingamishe kizuizi. Kilazeni kimshazari ili mafuta yateleze hadi ukingo wenye mchanga, ambako watu wanangoja na koleo. Mkondo wa noti 1 unataka pembe isiyozidi digrii 45 na uelekeo wa maji, noti 1.5, digrii 28. Noti 2, digrii 20. Maji yakizidi kasi, kizuizi kinazidi kulazwa na kinahitaji kuwa kirefu zaidi, hivyo pimeni urefu leo na si siku hiyo. Fungeni kwa kamba yenye nafasi ya kupanda na kushuka na maji, karibu mita 3 wakati wa bamvua. Awepo mtu wa kukiangalia kila maji yanapogeuka.

Msifanye haya kamwe:

- Msimwage sabuni. Haiondoi mafuta, huyavunja yakashuka kwa samaki wadogo na nyasi bahari. Dawa maalumu za kuyavunja hutumiwa kwa idhini ya mamlaka tu, kwenye maji yenye kina, mbali na koko.
- Msiingie kwenye mikoko wala kukata matawi yaliyopakwa. Unyayo mmoja huyashindilia mafuta kwenye tope. Wekeni walinzi nje na mngoje wataalamu.
- Msichome moto.
- Harufu ikiwa kali, au mtu akiumwa kichwa na kuona kizunguzungu, wote waondoke waelekee upande upepo unakotoka. Wajawazito wasiwepo kabisa.

Kwenye ufuo wa kupoteza, kwangueni juu juu kwa koleo bapa, kutoka chini kwenda juu, watu wakipita njia moja tu. Mchanga msafi uacheni pale ulipo.

## Hatua ya 8: Taka

Taka hufika kwa urahisi mara kumi ya mafuta yaliyomwagika, na ndipo vijiji huzidiwa. Chimbeni shimo juu ya mstari wa bamvua, mbali na visima, mtandike turubai nzito chini na kingoni. Tenganisheni mafuta majimaji, mchanga, na makumbi pamoja na glavu. Magunia yasizidi kilo 15, yasije yakapasuka.

Punda watabeba, kama wanavyobeba kila kitu hapa, lakini wasubiri juu ya ufuo. Mafuta kwenye ngozi huwaunguza, na wakirudi mjini watayapeleka kila uchochoro. Magunia yahesabiwe yanapotoka shimoni na yanapopakiwa kwa mwenye leseni ya NEMA, na hesabu zote mbili ziingie daftarini. Msizike wala kutupa kwenye jaa la kijiji.

## Hatua ya 9: Zoezi

Tupeni machungwa tena, safari hii bila kumwambia mtu saa. Anayeyaona apige simu, na mwenye daftari aanze kuhesabu dakika.

Katika zoezi la kwanza la kijiji kimoja, machungwa yaliingia kwenye koko baada ya dakika 40. Kizuizi kilikaa sawa baada ya dakika 95. Muda mwingi ulipotea njiani: vifaa vilikuwa stoo ya mwenyekiti, juu kijijini, na ufunguo mwenyewe alikuwa nao huko Mokowe, upande wa bara. Walijenga kibanda cha makuti hatua chache kutoka mlango wa koko, wakaweka funguo mbili kwa nyumba mbili. Zoezi la pili lilichukua dakika 32.

Rudieni mara mbili kwa mwaka, moja wakati wa kusi na moja wakati wa kaskazi, na moja kati ya hizo iwe usiku. Chanzo kikibadilika rudini hatua ya 1: aina mpya ya meli ikianza kuingia, au lile bomba la mafuta ghafi lililopangwa kutoka Turkana hadi Lamu likija kujengwa. Hesabu ya meli zinazobeba mafuta mazito ya injini haiwezi kuwa ya meli zinazopakia ghafi, na urefu wa vizuizi mliopima hautatosha.